Karavani Isiyo na Tangi la Maji

Enzi zetu, mtoto akisema baba yake ni dereva wa greda, darasa zima lilinyamaza kwa heshima. Urubani tuliusikia redioni tu, lakini greda tulikuwa tunaliona kwa macho yetu, likipanda taratibu huku likisukumia udongo mwekundu pembeni. Wenzangu mliokulia Morogoro na vijiji vya milimani mtakumbuka. Tukisikia mngurumo wake tulitoka darasani bila ruhusa, na mwalimu naye akatoka nyuma yetu akijifanya anatufukuza, kumbe anataka kuona. Watoto wa siku hizi hata treni ya umeme ikipita hawainui kichwa kutoka kwenye simu.

Baba yangu alikuwa dereva wa greda. Sifa niliipata, ila baba mwenyewe nilikuwa simpati. Kiangazi chote alikuwa kambini, mara upande wa Gairo, mara Kingolwira, akilala kwenye hema pamoja na vibarua. Masika yakianza na barabara kugeuka matope, kazi ilisimama, naye akapanda kwetu Kinole, kwenye ardhi ya kina mama, amekonda na amekuwa mweusi kwa jua. Tulimwamkia shikamoo kama tunavyomwamkia mgeni. Kaka yangu Shabani alimzoea haraka. Mimi nilikuwa mzito, na kila nilipokuwa nimeanza kumzoea, mvua zilikatika naye akaanza kufunga mzigo.

Sisemi tuliishi vibaya. Kinole ya utoto wangu ilinukia mdalasini ulioanikwa kwenye mikeka, na machungwa tulikula mpaka midomo ikawashwa. Asubuhi mchakamchaka, miguu peku kwenye umande, kila mmoja na jembe lake begani. Jioni rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na aliyepigwa mgongoni hakukimbilia kushtaki nyumbani, maana angeongezewa. Ulipokuja unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tuliula huku tukiusema vibaya, na bibi akatuambia kwamba anayeutukana ugali ataulilia. Siku hizi mjukuu wangu akiona ugali anauliza kama kuna chipsi, na mama yake anakwenda kukaanga.

Basi masika moja baba alipanda Kinole na habari. Wakubwa wake wa barabara walikuwa wameamua madereva waache kulala kwenye hema, na kila mmoja ataundiwa karavani. Kwa vijana watakaosoma hapa, karavani ni nyumba ndogo juu ya magurudumu, inavutwa nyuma ya gari. Yetu ingevutwa na greda. Karakana ya mjini Morogoro ilikuwa inaziunda kwa mbao na bati juu ya fremu za matela ya zamani, na zote zilikuwa za namna moja: mlango, dirisha, kitanda kimoja cha mtu mmoja, ndoano ya kutundikia taa. Lakini fundi mkuu alikuwa amewaambia madereva kwamba vifaa vilivyobaki vinatosha kumwongezea kila mmoja vitu viwili anavyotaka. Waseme mapema, kabla bati halijapigiliwa.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipokosa utulivu. Mchana kutwa tulizungumza nyongeza za karavani ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Kulikuwa na tangi la maji la kukaa juu ya paa, lenye bomba linaloshuka hadi mlangoni. Kulikuwa na wavu wa mbu, kabati la vyombo, turubai la kutandaza ubavuni likatoa kivuli, meza ya kukunja, na kitanda cha dabodeka, kile cha ghorofa. Shabani alitaka turubai kwa sababu alidhani ni bendera. Mimi nilitaka pazia la maua, jambo ambalo fundi mkuu hakuwa nalo kabisa. Baba alituambia wenzake karibu wote wamechagua tangi na turubai, na wana akili, kwa kuwa dereva anayerudi na vumbi mpaka kwenye kope hahitaji kitu kingine zaidi ya maji na kivuli.

Yeye alisema atachagua tangi na dabodeka. Mama aliacha kupepeta mchele. Dereva asiye na mtu wa kulala juu anataka dabodeka ya nini? Ndipo baba akaeleza, akiangalia chini, kwamba amechoka kuamkiwa na wanawe kama mgeni. Tangi lingemrahisishia mama maji, dabodeka ingewalaza watoto, na yeye na mama wangepanua kile kitanda kingine kwa ubao. Tungekwenda naye kambini kila likizo, na kabla ya kuanza shule wadogo wangekaa naye kiangazi chote. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule ya kweli, nilikuwa nasindikiza tu. Sikulala vizuri kwa furaha siku hizo, na hilo nalikumbuka kuliko nguo zote za Idi nilizowahi kushonewa.

Lakini kwetu baba hasemi peke yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Baba alikuwa mtu wa Gairo, na huko nako mambo ni hayo hayo, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa. Alimtumia habari Mjomba Ramadhani, kaka mkubwa wa mama, aliyekaa kilima cha pili. Mjomba alikuja na kanzu yake na koti juu, akakaribishwa kiti, akapewa kahawa, akanywa. Alikuwa mtu mpole ambaye hakuna aliyethubutu kumchezea.

Alisikiliza habari za greda, tangi na dabodeka mpaka mwisho. Akauliza nyumba hiyo itakuwa imesimama kwenye ardhi ya nani. Baba akasema ni ya serikali na itakuwa inahama na kazi. Mjomba akauliza tena kama ina msingi. Baba akasema ina magurudumu. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Shemeji, mvulana mchukue," alisema. "Huyu binti ndiye ardhi yetu. Ardhi haiwekwi juu ya magurudumu."

Vijana wataona ni maneno ya kizamani. Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango na niliyaelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Mashamba ya Kinole yalipita kwa wanawake: kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kuja kwangu. Shabani angeoa na kwenda kulima kwa wengine. Mimi ndiye niliyepaswa kubaki. Heshima kubwa namna hiyo sikuwahi kupewa tena maishani, na siku ile ningeigawa bure kwa yeyote aliyepita njiani. Nilimchukia Shabani aliyekuwa anachezea kisoda uani, hajui hata kama amepewa ruhusa.

Mtu mwingine angegomba, au angesema serikali ndiyo imeamua, maana neno serikali siku zile lilikuwa linamaliza mazungumzo. Baba aliuliza tu:

"Na nikiitoa kwenye magurudumu?"

Mjomba alimtazama. "Ukiitoa, nitakuja kuangalia."

Akaaga, akashika njia yake, na pale nyumbani tukabaki na kitendawili. Kumbe baba alikuwa amekumbuka kitu. Miongoni mwa nyongeza za karakana kulikuwa na moja ambayo hakuna dereva aliyeitaka, nayo ni miguu ya chuma, mmoja kila pembe, ya kuzungusha kwa mpini kama jeki. Ukiishusha na kuikaza, karavani inanyanyuka na magurudumu yanabaki yananing'inia hewani. Madereva walikuwa wameicheka. Nani atahangaika kuzungusha miguu minne na amechoka, wakati jiwe nyuma ya tairi linatosha?

Ila nyongeza zilikuwa mbili. Ukichukua miguu na dabodeka, tangi basi. Ukichukua miguu na tangi, hakuna pa kunilaza. Baba alimweleza mama hivyo hivyo bila kupamba, kwa sababu maji ni mzigo wa mwanamke na yeye alijua nani angeubeba. Gairo wakati wa kiangazi maji yalikuwa mbali, na yaliyo karibu yalikuwa na chumvi. Mama alikuwa amekwisha kuliota lile bomba la mlangoni. Alikuwa amewaambia mpaka majirani.

Alimaliza kupeta alichokuwa anapeta, akakung'uta ungo.

"Maji yanachotwa," alisema. "Mtoto hachotwi. Waambie waweke miguu."

Fundi mkuu, baba alitusimulia, alimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Akamwambia yeye ndiye dereva wa kwanza kuacha maji akachagua mazoezi ya mikono. Baba akacheka naye na hakumweleza. Mambo ya ukwe hayaelezwi karakana.

Mvua zilipokatika tulishuka wote Kingolwira, kambi ya kwanza ya msimu. Karavani ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, ndogo kuliko nilivyoiwaza, na ndani ilinuka gundi na mbao mbichi. Shabani alirukia kitanda cha juu papo hapo. Mimi nilizuiwa kuingia. Nilisimama kwenye majani na furushi la nguo zangu kichwani, nikisubiri basi litakalomleta Mjomba.

Alifika na kikapu cha machungwa, tukamwamkia. Baba akashika mpini akaanza kuzungusha, pembe moja, kisha nyingine, jasho likimtiririka. Bati lililia, sakafu ikanyanyuka upande, ikasawazika. Mjomba alikunja kanzu yake, akachuchumaa mbele ya tairi, akaliangalia kama anavyoangalia mbuzi wa mahari. Kisha akalisukuma kwa kiganja. Tairi likazunguka hewani, likaendelea kuzunguka. Akaenda upande wa pili akalisukuma na lile.

Alinyanyuka, akapangusa mkono kwenye koti.

"Imesimama," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Haya, mama, ingia kwako."

Nimeolewa, nimezaa, nimejengewa nyumba ya matofali Morogoro mjini, na hakuna mlango niliouingia kwa furaha kama ule.

Tulikaa kwenye karavani ile misimu mingi. Kila greda lilipohama, kazi ya kwanza ya baba ilikuwa kushusha miguu, hata kabla ya kunawa uso, na mimi nikapita kuyasukuma matairi kuona kama yanazunguka. Madereva wengine walitutania, kisha wakaja kugundua kwamba wao wanalala wameteleza kuelekea miguuni na sufuria zao zinamwagika, wakati uji wetu umetulia. Baba alinifundisha majina ya vilima na kunionyesha jinsi mwamba unavyotoa sauti tofauti chini ya chuma. Sikuwahi tena kumwamkia kama mgeni. Na mama alichota maji. Tukiwa Gairo, alitoka alfajiri na ndoo, akarudi jua limepanda, wenzake wamekaa chini ya matangi yao wanafungua bomba. Sikumsikia akilitaja tangi hata siku moja. Nilikuwa namwangalia anavyotua ndoo, shingo imekakamaa, na hata nikiwa mdogo vile nilijua yale maji ni ya kitanda changu.

Juzi mwanangu Idi alikuja kunionyesha kwenye simu karavani anayotaka kuagiza. Yeye na mkewe wanataka kuzunguka nayo mwisho wa wiki, Mikumi na milimani, na kiwandani unachagua mwenyewe vitu vya kuongezewa. Mambo yamekwenda mbele, hilo sikatai. Kuna umeme wa jua, friji, televisheni inayojikunja darini, choo, bomba la maji ya moto, na taa zinazobadilika rangi kwa sababu nisiyoielewa. Miguu siku hizi inashuka yenyewe ukibonyeza. Aliniomba ushauri na nikampa: achukue umeme wa jua, achukue tangi kubwa, aachane na taa za rangi. Alifurahi kwamba mama yake anaelewa.

Nikamuuliza Zuhura atalala wapi. Zuhura ni binti yake, ana umri niliokuwa nao mimi Kingolwira. Akasema atabaki nyumbani na dada wa kazi, maana hapendi sehemu zisizo na mtandao. Nikauliza kama kiwanda hakitengenezi dabodeka. Akasema wanatengeneza, lakini ukiiweka, friji inakosa nafasi.

Aliendelea kunionyesha rangi za viti. Simlaumu, hajui kitu kingine, na friji ina kazi yake kwenye joto la Mikumi. Ila nilimhurumia yule mtoto, na bado namhurumia ninapoandika. Yeye atakua akijua kwamba karavani ya baba yake ilikuwa na kila kitu. Mimi nimekua nikijua kwamba yetu haikuwa na maji kwa sababu nilikuwamo.