Akina Mama wa Elburgon Waliimba Mara Mbili

Mwanangu, iko Jumapili moja ya mwaka wa 2007 ambayo nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu anajua, wala hakasiriki. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, kwa hiyo nitaisimulia ilivyotokea bila kuipamba, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kazi yangu ilikuwa ya sauti. Bwana Harbans, mzee Singasinga aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme mjini Nakuru, alikodisha spika, maikrofoni na jenereta kwa yeyote mwenye shughuli, nami nilikuwa fundi wake mkuu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, umri wa mtu kujua zuri na baya. Mwenzangu alikuwa Barasa, aliyeendesha pikapu na kubeba spika nzito kana kwamba ni mito ya kulalia. Harusi, mikutano ya injili, bendi za mwisho wa mwezi, sherehe za shule, kote tulikuwa. Marafiki zangu kule Lanet walinionea wivu. Waliniambia, "Wewe unalipwa kuona vitu sisi tunalipa kuviona." Nilijigamba kidogo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona waimbaji wengi mpaka sikuwa namwona yeyote tena. Wimbo kwangu ulikuwa dakika nne, kisha mwingine, kisha twende nyumbani.

Jumapili hiyo kulikuwa na tamasha la kwaya katika uwanja wa shule moja pale mtaa wa Section 58, Nakuru. Kwaya zilikuwa tisa. Ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ya akina mama wakulima kutoka Elburgon, waliokuja kwa lori la kubebea viazi. Walivaa leso za rangi moja, na viatu vyao vizuri walivishika mkononi ndani ya mifuko ya plastiki, wavivae wakishafika ili visiingie tope. Walikuwa wanawake wa lugha tatu au nne, maana Elburgon ndivyo ilivyo, na wimbo wao waliutunga wenyewe kwa Kiswahili, kuhusu mwaka ambao mvua ilikataa kunyesha. Waliufanyia mazoezi tangu mwaka uliotangulia.

Aliyewaongoza alikuwa Mama Rael, mwanamke mrefu, mpole, mwenye mikono ya kazi. Mumewe, Mzee Zakayo, alinijia mapema nikiwa bado naunganisha waya. Aligusa spika kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kama sufuria imepoa.

"Fundi, hii ndiyo itatoa sauti ya mama?"

"Ndiyo, mzee."

"Atasikika mpaka wapi?"

"Mpaka kule kwa ile miti."

Aliitazama ile miti. "Mimi nimemsikia jikoni miaka thelathini," akasema. "Leo nataka watu wengine wamsikie."

Basi akasimama pale pale kando ya spika, kofia mkononi, na hakuketi siku nzima.

Mambo yalichelewa, kama kawaida. Mgeni wa heshima alifika mchana, na hotuba yake ikazaa hotuba nyingine. Akina mama wa Elburgon walipopanda jukwaani ilikuwa saa kumi na moja, na simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni tangu saa tisa. Mimi na Barasa tulikuwa tumeahidiana na marafiki kwenda kula nyama choma Kikopey, ambako kila mwenye njaa wa Nakuru hukimbilia. "Mbuzi iko kwa moto," walikuwa wakisema. "Mko wapi nyinyi?"

Hapa, mwanangu, usinitetee. Akina mama walianza kuimba, nami nikaanza kukunja waya. Nilianza na spika ya mbali, nikijiambia upande ule hauna watu wengi. Kisha nikazima maikrofoni mbili za waitikiaji na kuziondoa kwenye stendi zake. Wimbo ulikuwa wa kupokezana: Mama Rael anatoa mstari, wenzake wanapokea. Akamaliza mstari mmoja, akavuta pumzi kabla ya ule wa mwisho, na katika kile kimya kidogo nikachomoa waya wake. Nimesikia mafundi wengine wakisema walidhani wimbo umeisha. Mimi sikudhani. Nilijua haujaisha.

Hakunyamaza. Aliendelea kuimba, na wenzake wakaendelea kupokea, lakini uwanja wazi humeza sauti. Ukawaona wakifungua midomo, ukasikia kidogo sana. Watu wakaanza kuinuka na kupangusa nguo. Watoto wakakimbia kuelekea getini. Mzee Zakayo aliitazama spika, akainama akaweka sikio karibu nayo, kisha akainuka na kunitazama mimi. Nilijifanya nina shughuli na waya.

Bwana Harbans alikuwa ameketi kando ya pikapu na chupa yake ya chai. Alikuwa mzee wa magoti mabovu, na ilimchukua muda kufika nilipokuwa. Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti.

"Hii mwaka umeona muziki ngapi, wewe?" akaniuliza.

"Mzee?"

"Kwaya, bendi, yote. Ngapi?"

"Sijui. Hamsini, labda."

"Sawa. Sasa enda uliza yule mama yeye ameimba kwa maikrofoni mara ngapi. Kuja uniambie."

"Mzee, tumechelewa, na Barasa—"

"Barasa iko na miguu, atangoja. Enda uliza."

Nilikwenda. Akina mama walikuwa wameshateremka jukwaani na kukaa kwenye nyasi, wakivua vile viatu na kuvirudisha kwenye mifuko. Nilisimama mbele yao kama mtu aliyetumwa kudai deni. Nikamuuliza Mama Rael.

"Mama, umewahi kuimba kwa maikrofoni mara ngapi?"

Alinitazama, akafikiri kwa kweli, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi.

"Ukihesabu na hii ya leo?"

"Ndiyo."

"Basi nusu," akasema.

Wenzake wakacheka. Mmoja mnene aliyeitwa Mama Nyambura, aliyekuwa msaidizi wake, akadakia. "Mwacheni fundi, ana bibi anamngoja."

"Si bibi," mwingine akasema. "Huyu ananuka njaa. Angalia anavyosimama, mguu mmoja uko Kikopey tayari."

Wakacheka tena, lakini Mama Rael hakucheka. Alikuwa akimtafuta mumewe kwa macho, na alipomwona bado amesimama kando ya ile spika iliyokufa, akatazama chini na kuendelea kufunga mfuko wake.

Nilirudi kwa Bwana Harbans. Nikamwambia, "Amesema nusu."

"Nusu," akasema. Akatikisa kichwa. "Wewe nakula kila siku, mtu mwingine nakula mara moja, na hiyo moja umepokonya sahani. Funga waya."

Unajua alimaanisha kuufunga tena mahali pake, si kuukunja. Nilifunga. Sijawahi kufunga waya kwa haraka hivyo. Spika ya mbali Barasa aliirudisha mgongoni, akilalamika njia nzima kwamba mbuzi wa watu anaungua. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi barabarani. Mama Rael alipoitwa alikataa kwanza. Alisema ameshaimba, na Mungu alisikia. Mama Nyambura ndiye aliyemvuta mkono, akimwambia, "Mungu alisikia, lakini Zakayo hakusikia. Vaa viatu."

Barasa akashika maikrofoni na kutangaza tu, "Akina mama wa Elburgon wanaimba tena." Hakueleza sababu. Ilikuwa nafasi yangu kueleza, nami nilinyamaza.

Nikaona jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kulitazama. Watu walirudi. Waliokuwa getini waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshambeba mtoto mgongoni alimteremsha tena. Mtu wa baiskeli aliilaza chini na kukaa kando yake. Sauti ya Mama Rael ikatoka, nzito, bila haraka, ikafika kwenye ile miti na kupita. Alipofika kwenye ile pumzi kabla ya mstari wa mwisho, uwanja mzima ulimngoja. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na huo ndio wimbo wa kwanza niliousikiliza mpaka mwisho. Vigelegele vilipopigwa, Mzee Zakayo alikuwa amevaa kofia yake na kuivua tena mara kadhaa, kama asiyejua aifanyie nini.

Kikopey hatukufika.

Mwaka ukaisha, uchaguzi ukaja, na Januari ya 2008 ikaja na mambo yake ya majirani kufukuzana kwa makabila. Unayajua, sitayarudia. Kwaya ile ilitawanyika. Wengine waliishia kwenye mahema ya wakimbizi, wengine kwa ndugu zao mbali, na wengine walibaki Elburgon wakitazama mashamba ya majirani yasiyo na mtu. Miezi baadaye Bwana Harbans aliniita dukani. Mama Rael alikuwa amefariki hospitalini, shinikizo la damu. "Chukua spika mbili," akaniambia. "Hakuna kulipisha. Mimi magoti yamekataa, wewe enda simama kwa ajili yangu."

Pale mazishini niliwaona akina mama wakifika mmoja mmoja na wawili wawili, kutoka kule walikotupwa. Hawakujua wakae vipi. Miezi ile ilikuwa imewafundisha kutazamana kwa wasiwasi. Walikaa kwenye viti vilivyo mbali mbali, kila mtu na watu wa kwao.

Kisha Mzee Zakayo akasimama kumzungumzia mkewe. Alisema machache kuhusu shamba na watoto. Halafu akasema, "Na Rael aliimba Nakuru. Yeye na hawa dada zake. Waliimba, na watu wakakataa kwenda nyumbani. Ikabidi waimbe mara mbili. Fundi wa siku hiyo ndiye yule. Fundi, kuja useme."

Alikuwa amesimama kando ya spika siku ile, aliniona nikichomoa waya. Akina mama nao walijua. Wote walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Sikuweza kusimama mbele ya jeneza la yule mama nikapokea sifa nisiyostahili. Nikachukua maikrofoni.

"Wazee wangu, mama zangu," nikasema, "haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliukata wimbo wake kabla haujaisha, kwa sababu nilitaka kwenda kula. Ndiyo maana wakaimba tena. Sikuomba msamaha siku ile. Naomba leo."

Halafu Mama Nyambura, ambaye alikuwa ametoka kwenye mahema asubuhi hiyo, akasema kutoka pale alipokaa, "Keti, fundi. Ile ya kwanza ni yako. Yetu ni ile ya pili."

Kicheko kidogo kikapita kwenye viti. Mzee Zakayo akanigeukia. "Watu walirudi ama hawakurudi?"

"Walirudi, mzee."

"Nani aliwalazimisha?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, akawageukia waombolezaji. "Rael alituambia tukiwa kwenye lori njiani kurudi, hata Njoro hatujafika. Alisema, hii ndiyo tutakayosimulia: walirudi."

Kisha wale wanawake wakaanza kuinuka. Walivuta viti vyao karibu, wakasimama pamoja, na Mama Nyambura akachukua mstari wa Rael. Hawakuwa wote, na kila aliyekosekana ulisikia nafasi yake. Nilisimama kwenye mashine yangu na sikugusa chochote mpaka sauti ya mwisho iliponyamaza, na baada ya hapo nikangoja zaidi. Sijawahi kujivunia kuwajua watu kama nilivyojivunia siku hiyo.

Tangu hapo nilijizoesha kuwauliza watu getini: mara ya mwisho uliona watu wakiimba mbele yako ilikuwa lini? Bibi mmoja wa kuuza njugu aliniambia mara moja tu, akiwa msichana. Anakumbuka viatu vyeupe vya mpiga gitaa, na kwamba mvua ilinyesha na hakuna aliyeondoka. Askari mmoja wa Lanet aliniambia hajawahi, husikia tu akipita barabarani. Wengi huhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki. Lakini hiyo moja au mbili wanaijua kuanzia vumbi la uwanjani hadi wimbo wa kufungia.

Kwa hiyo, mwanangu, nakushauri hivi. Kazi yoyote utakayofanya, utafika mahali ambapo siku zinafanana. Muuguzi atazoea watoto kuzaliwa, mpishi atazoea harusi, nawe utazoea chako. Hapo ndipo ujichunge. Usiipime siku ya mwenzako kwa wingi wa siku zako. Muulize, hata kama ni moyoni tu: hii kwako ni mara ya ngapi? Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, rudisha waya papo hapo, usingoje mazishi ndipo useme. Na siku ambayo ni yako wewe, ile moja, isimulie kwa kichwa juu, lakini isiwe na uongo ndani yake.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na masikio ya kuwasikia watu. Siku yako ya kusikika itakapofika, akupe fundi asiye na haraka, na waliofika getini wageuke warudi kwa ajili yako.