Hitima ya Amiri, Mtopanga

Udi wa Ghuba ukichomwa popote, hata kwa jirani wa nyumba ya tatu, pua yangu hunirudisha Mtopanga kabla miguu haijapata habari. Mama alikuwa akitutumia udi ule pamoja na kalenda, na kwenye kalenda alikaa Amiri wa nchi ndogo ambako Mama alikwenda kufanya kazi za nyumbani: joho lenye ukingo wa dhahabu, ndevu zilizochongwa vizuri kuliko makochi yetu. Bibi alimtundika sebuleni. Nawaambieni, hata kuku wakiingia mle walipunguza sauti.

Mama alikuwa ameahidi kurudi mkataba ukiisha. Mkataba ukaisha, hakurudi. Kwenye simu alisema bosi hajampa ruhusa, kisha akaniuliza habari za shule, kwa sauti ya chini kama mtu aliye ndani ya kabati.

Aliyetufafanulia mambo ni Mjomba Salimu, ndugu yake Mama. Alikuwa akipakua mizigo bandarini, akasikia mawili matatu kwa mabaharia, basi kwa maelezo yake yeye aliijua serikali ya Amiri kuliko Amiri mwenyewe. Jioni moja baada ya chai aliitandaza mbele yetu kwa vyombo. Birika ndiye Amiri. Kiti alikipokea kwa babake na atamwachia mwanawe. Vikombe vilivyolizunguka ni ndugu na binamu zake: waziri mkuu, wa ulinzi, wa fedha. Vijiko ni baraza la kutunga sheria. Vingine vimechaguliwa na raia, vingine vimewekwa na birika lenyewe, na birika likichoshwa na kelele zao, vyote hurudi kabatini.

"Na Mama ni kipi?" nikauliza.

Mjomba aliangalia sinia lote. Mwishowe akaokota chembe ya mahamri, akaiweka nje, mkekani.

"Mamako hayumo humu, mwanangu. Yeye yuko chini ya kafili, yule mwenye nyumba aliyemdhamini. Huyo ndiye amiri wake. Pasi ya mamako ya kusafiria anayo yeye, na asipotia saini, mamako hatoki."

Bibi alisikiliza hayo yote, akachukua lake moja: kama birika ndilo kubwa, basi tuliombee birika. Kila baada ya sala ya Ijumaa aliinua mikono akamwombea Amiri afya, umri mrefu, na moyo laini kwa watu wa mbali. Alimwombea kwa bidii ambayo marehemu babu hakuipata hata akiwa mahututi.

Amiri akafa.

Mjomba ndiye aliyerudi na habari hizo kutoka bandarini. Bibi akalia kikweli, kisha akaamua tumsomee hitima; huenda mwanawe aliyerithi kiti akalainika, akafungua milango. Mchele ukaoshwa, sufuria za kukodi zikaja, kubwa kiasi cha kulaza ng'ombe. Ila hakuna mtu Mtopanga nzima aliyeweza kuwaza kwamba nyumba yetu imefiwa na mfalme. Walipoona majamvi na kusikia kwamba msiba ni wa huko Arabuni, wakajaziliza wenyewe. Wanawake waliingia na kanga vichwani wakimlilia mamangu kwa jina. Jirani yetu Bi Zuhura alinivuta kifuani akaninong'oneza, "Pole, mwanangu. Sasa wewe ndiye mama wa nyumba."

Bibi alitumia alasiri nzima kuwasahihisha. Watu wakaishia kucheka, pilau likaliwa. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeshamzika Mama moyoni, na hakuna aliyenionyesha namna ya kumfukua.

Kwa hiyo aliporudi, miezi mingi baadaye, nilijua ni mzuka. Bibi alimshukuru Amiri mpya. Kumbe bikizee ambaye Mama alikuwa akimuuguza kule alifariki, kazi ikaisha, na kafili akatia saini. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima. Wakati ule niliona tu mwanamke mwembamba anayekula amesimama jikoni, asiyekaa kitini mpaka aambiwe, ambaye ukimwita huinuka kabla hujamaliza. Alipojilaza adhuhuri nilimchungulia miguu nione kama ina kwato. Ilikuwa miguu tu, yenye nyufa.

Siku moja Bibi na Mjomba walikuwa wametoka. Mama akavaa buibui, akachukua kikapu, akafika mlangoni, akasimama. Mlango ulikuwa wazi. Mbuzi wa jirani alikuwa akipita kwa raha zake. Alisimama mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akanigeukia, macho chini.

"Naweza kutoka?"

Nilikuwa darasa la tatu. "Nenda," nikamwambia, nikitaka tu mzuka uniondokee. Akatoka haraka haraka, kama anayeogopa nisije nikabadili neno.

Ukubwani nilisoma shule ya jioni, nikajifunza mihimili ya serikali, nani huteua na nani huvunja bunge, na katika mtihani niliwafunika wote, pamoja na mwalimu, wallahi. Lakini hakuna ukurasa ulioonyesha utawala kama ule unaishia wapi. Mimi niliuona ukifika mlangoni kwetu, ng'ambo ya bahari, mahali ambapo Amiri hana askari hata mmoja, na kwa dakika ile mtoto mwenye makamasi ndiye aliyekuwa serikali.

Sasa Mama ana wajukuu, na kicheko chake kimerudi, kikubwa kuliko changu. Akitaka kwenda sokoni Kongowea husema, "Haya, mimi natoka," kisha husita kidogo kizingitini. Nyumbani kwetu hata aliye mdogo kabisa anajua kumjibu upesi.