Kila Jina la Kumi na Mbili

Phelista alikuwa na wiki sita tu Cheptais, karani wa chama cha wakulima wa viazi, mgeni kutoka Bungoma aliyewajua wanachama kwa majina zaidi kuliko kwa sura. Kiptum, mtafiti, alipokuja kutoka Kitale kuwauliza wakulima kama mbegu zilifika kwa wakati, Phelista alimpa daftari la majina mia tatu sitini, aliyoyanakili mwenyewe kutoka la zamani.

"Siwezi kuuliza wote," Kiptum akasema. "Nachukua thelathini, kila jina la kumi na mbili. Wewe toa karatasi moja, ituambie tuanzie wapi."

Kwenye kikombe alichoshika mlikuwa na karatasi zenye namba, moja hadi kumi na mbili. Phelista akafumba macho, akatoa karatasi; ilikuwa ya namba moja. Basi ikawa jina la kwanza, la kumi na tatu, la ishirini na tano, hivyo hivyo.

Siku mbili walipanda na kushuka vilima. Kila boma jibu lilikuwa lile lile: mbegu zilikuja mapema. Phelista hakuelewa. Kila siku ofisini watu walimlalamikia kwamba mbegu ziliwafikia mvua imeshakatika. Nani alikuwa anadanganya? Alianza kuyashuku masikio yake.

Siku ya tatu mama mmoja, Chepchumba, akawaonyesha ghala.

"Mbegu ya kikundi yote inashukia hapa. Mimi si ndio mwenyekiti. Natoa yangu, wengine wanakuja pole pole."

"Na yule mzee tumetoka kwake?" Phelista akauliza.

"Huyo pia ni mwenyekiti. Wa kikundi ingine."

Phelista alirudi ofisini akafungua daftari la zamani. Vikundi thelathini, kila kimoja watu kumi na wawili, mwenyekiti juu: jina la kwanza, la kumi na tatu, la ishirini na tano. Yeye aliponakili alikuwa ameacha mistari inayotaja kila kikundi, ili asimalize kurasa.

"Lakini nilifumba macho," alimwambia Kiptum.

"Ulifumba. Na hao wote wamesema ukweli. Ni mimi sikuuliza majina yamepangwa aje."

Waliandika majina yote kwenye vipande vya karatasi, wakayachanganya kwenye gunia, wakayapanga upya, wakahesabu tena kila la kumi na mbili, wakarudi vilimani kuuliza. Safari hii, kati ya thelathini, ishirini na mmoja walisema mbegu zilichelewa.

Kiptum akaondoka ameridhika. Phelista alibaki akipitia daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta jina alilokosea. Hakuliona.