Eda Aliyoiahirisha Mama

Baba yangu alikufa kwenye barabara ya Walikale wakati wa uasi wa pili, nami nilikuwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Naliandika hili kwanza ili msomaji asikae akimngoja kama nilivyomngoja mimi. Mama alijua tangu juma lile lile. Sisi wengine tuliambiwa yuko safarini.

Habari ililetwa na dereva mwenzake, mzee wa Butembo ambaye lori lake lilizoea kufuatana na la baba. Alikuja asubuhi, mama akiwa anakaanga mandazi kwenye baraza yetu ya Birere, mjini Goma. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaomba chai, na chai ikapoa mbele yake. Chai hiyo naikumbuka, ilivyofanya utando juu. Maneno siyakumbuki. Mama alinisimulia nilipokuwa mtu mzima: watu wenye bunduki walilisimamisha lori la baba msituni, wakachukua walichotaka, wakamwacha njiani. Mzee alimkuta siku iliyofuata. Alimzika mwenyewe kando ya barabara, na shati lake mwilini, akamsomea sala ya Kikatoliki kwa kuwa ndiyo pekee aliyoijua.

"Nani mwingine anajua, papa?" mama aliuliza.

"Miye na Mungu, mama."

"Basi libaki kwenu."

Likabaki. Mzee yule hakuwahi kulitamka, na kila alipotoka kwao alituachia viazi mlangoni bila kugonga.

Ili kumwelewa mama ni lazima kujua kwamba Goma haikuwa kwao. Alizaliwa Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika, akavuka ziwa akiwa bibi harusi, akapita Uvira na Bukavu mpaka mji huu wa mawe meusi. Majirani walimwita Mama Ujiji. Hakuwa na dada hapa, wala shangazi, wala kaburi la mtu wake. Ukoo wa baba ulikuwa Kasongo, kule Maniema, ukoo wa Kiislamu wenye desturi zake, na desturi mojawapo mama aliiona kwa macho yake. Mdogo mmoja wa baba alikuwa amefariki na kuacha mke kutoka Bujumbura. Mke yule alikaa eda kama sheria inavyotaka: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja, bila hina, bila nguo za rangi. Eda ilipokwisha, wazee walikuja wakamshukuru kwa heshima zote, wakampa kanga mpya na nauli, wakamwambia sasa yu huru kurudi kwao. Watoto walibaki kwa shangazi zao, kwa sababu watoto ni wa ukoo. Hakuna aliyeona ukatili. Mama mwenyewe alimsaidia yule mwanamke kukunja nguo.

Huru. Neno hilo ndilo lililomtisha. Mjane mgeni angekaa eda, angemaliza, angekuwa huru, na sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado ananyonya, tungepelekwa Kasongo. Lakini mwanamke ambaye mume wake yuko safarini hana eda. Ni mke wa mtu. Haguswi, wala watoto wake hawaguswi.

Kwa hiyo mama hakulia. Alipaka wanja, Idi ilipofika akatia hina, akavaa kanga za manjano na nyekundu, akakaanga mandazi na kuwachekea madereva. Alikuwa mcha Mungu, mtu wa sala tano, na alijua vizuri analolikwepa. Aliniambia baadaye, "Nilisema, Mola, hii iandike kwangu peke yangu. Wao wasiandikiwe kitu."

Wanawake wa mtaani walimtania.

"Mama Ujiji, bwana yako iko Kisangani na bibi mupya! Anakula ye lituma ya ndizi, na wewe unamupikia sombe ya mihogo!"

"Acheni ale," mama alijibu huku akigeuza mandazi. "Akishiba atarudi."

Walicheka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, kwa sababu niliona baba amekuwa mtu mwenye raha mahali fulani. Kila lori lililopiga honi upande wa soko lilinitoa mbio mpaka barabarani. Nilirudi nikiwa na vumbi usoni na kuuliza atakuja lini.

"Barabara ni mbaya," mama alisema.

Na barabara ilikuwa mbaya kweli. Nafikiri alilichagua jibu hilo kwa sababu halikuwa uongo.

Kisha mlima wa volkano ukapasuka. Watu wengi wameusimulia moto ule nami sitauongezea sana. Tulivuka mpaka kuingia Gisenyi pamoja na mji mzima, mdogo wangu mgongoni kwa mama, mimi nikiwa na karai la kukaangia kichwani kama kofia. Tuliporudi, hapakuwa na baraza, hapakuwa na nyumba, hapakuwa hata na mtaa. Palikuwa na jiwe moja jeusi, refu kuliko mimi, linalotoa moshi. Mama alilipanda. Soli za ndara zake zililainika, akawa anainua mguu mmoja baada ya mwingine kama kuku kwenye majivu, huku akitafuta kwa macho mti uliosalia kwa jirani ili akadirie mlango wetu ulikuwa wapi. Alipoona ametosheka akapanga mawe madogo pembeni, akatandika turubai, akasema hapa ndipo kwetu.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alisikia habari akaja kutoka Kindu kwa ndege ya mizigo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia nyeupe iliyokuwa safi siku zote, hata katika majivu yale. Alituletea nguo, na mimi akaniletea viatu. Alimwangalia mama akiwa amesimama juu ya jiwe, akashika kichwa.

"Shemeki, watoto watalala wapi? Juu ya hii majiwe ya moto?"

"Watalala nitakapolala mimi."

"Kwetu kuko nyumba. Kuko mihogo, kuko madrasa. Mutoto hawezi kukua ndani ya moshi."

"Kweli, shemeji."

"Basi nipe niende nao. Na wewe pumzika. Rudi kidogo kwenu, uone mama yako."

Bibi yetu wa Ujiji alikuwa mgonjwa mwaka ule, na mama hakuwa amemwona tangu alipoolewa.

"Mume wangu akirudi," alisema, "atapita hapa. Akikuta watoto wake hawapo, nitamwambia nini? Kwamba kaka yako alikuja akawachukua wewe ukiwa hai?"

"Siwezi kupita juu ya neno la ndugu yangu," baba mkubwa alisema. Akavua koti lake, akatusaidia kufunga turubai vizuri, kisha akarudi Kindu peke yake. Bibi alifariki msimu wa mvua uliofuata. Mama alipata habari kwa mdomo wa mchuuzi wa dagaa. Kwa huyo alilia wazi, siku nyingi mfululizo, na majirani wakashangaa kuona machozi mengi kiasi kile kwa mwanamke mzee aliyekufa kwa maradhi. Mimi sasa sishangai. Ndicho kilio pekee alichoruhusiwa.

Tulijenga nyumba ya mbao juu ya lile jiwe. Karai lilirudi motoni. Waasi wengine walikuja, wakauteka mji, wakauacha, na kila mara wanaume wenye bunduki walikunywa chai kwetu na mama aliwahudumia bila kuwatazama usoni. Nilikua. Nikaanza kuandika, nikapata marafiki wanaosoma mashairi mpaka jioni chini ya balbu za mtaa wa Katindo, na katika yale niliyoandika siku zile kulikuwa daima na mtu anayekaribia kufika. Sikuwa mjinga; nilijua bila kuambiwa. Lakini kujua hakukunizuia kungoja.

Mdogo wangu alipomaliza shule alichumbiwa na kijana wa Majengo, fundi umeme, mwenye aibu na mikono mikubwa. Mdogo wangu alimpenda mpaka akawa anaunguza chapati. Posa ilikubaliwa, na kwa heshima tukamwita baba mkubwa. Alikuja, kofia yake nyeupe kichwani, ndevu nazo sasa nyeupe. Aliketi mkekani pamoja na shehe, bwana harusi na wazee wa Majengo. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Mama, mdogo wangu na wanawake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia.

Shehe aliuliza nani ni wali wa binti, yaani mwanamume wa damu yake atakayemwozesha.

"Ni miye," alisema baba mkubwa. "Ndugu yangu mbele ya kusafiri alinipa uwakala. Aliniambia, watoto wangu utawaozesha wewe. Na mimi, shehe, huyu binti nimemupatia bwana kwetu Kasongo, mutu mwenye dini. Sina ubaya na huyu kijana. Lakini mutoto anaolewa nyumbani kwao."

Bwana harusi alitazama mikono yake. Nilisema kwamba mimi ni kaka yake, mtu mzima, na kwamba naweza kuwa wali.

Shehe alitikisa kichwa kwa upole. "Baba yako akiwa amekufa, uwakala umekufa naye, na kaka anatangulia mbele ya baba mkubwa. Lakini akiwa hai, neno lake liko kwa huyu muzee. Nyinyi wenyewe ndio munasema yuko hai."

"Shemeki ndiye anasema," baba mkubwa alisema bila kejeli. "Mwaka kwa mwaka. Nami nimemuheshimu."

Nyuma ya pazia nilisikia bangili zikigongana, kisha zikatulia.

"Amekufa," mama alisema.

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba mandazi yamekwisha. Shehe akamwomba arudie, naye akarudia, akataja barabara, na dereva aliyemzika, na shati.

Baba mkubwa aligeukia pazia. "Unajua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo," alisema. Kofia yake ilikuwa imeteleza na hakuirekebisha. "Kila Ijumaa namuombea arudi. Kila Ijumaa, shemeki. Kumbe nilipaswa kumuombea rehema. Ndugu yangu amelala miaka yote hii bila fatiha moja, na miye niko namuita arudi nyumbani."

"Ungewachukua," mama alisema.

Nilidhani atakana. Wazee wa Majengo nao walidhani atakana, wakaanza kukohoa ili kumsaidia.

"Ndiyo," alisema. "Ningewachukua."

Kisha akaniangalia, akasogea, akapiga kwa kiganja ile sehemu ya mkeka iliyokuwa yake. "Kuja, ukae hapa. Wewe ndiye wali. Ozesha dada yako."

Nilimwozesha. Shehe alinitamkia maneno nami nikayafuata moja moja, mkono wangu ndani ya mkono mkubwa wa fundi umeme, na sijui hata leo niliyatamka vipi, kwa kuwa saa ile ile niliyopewa nafasi ya baba ndiyo niliyopewa kifo chake. Wanawake walipiga vigelegele, vikaanza vibaya, vikakatika, vikaanza tena.

Kesho yake, mdogo wangu akiwa amekwenda kwa mumewe, mama alimwita shehe akamwambia anataka kukaa eda. Shehe alimweleza kwamba hadaiwi. Muda wake ulipita zamani, siku zile zile alizokuwa akikaanga mandazi.

"Najua," mama alisema. "Nakaa."

Alifuta wanja. Akavaa nguo nyeupe, akaingia chumba cha ndani. Baba mkubwa aliahirisha safari yake. Waliswali swala ya jeneza kwa maiti asiyekuwepo, na baada ya hapo yeye akaketi nje kupokea rambirambi kama msiba umetokea jana. Vijana waliokuja kumalizia nyimbo za harusi walikuta matanga, wakauliza kwa kunong'ona aliyekufa ni nani. Majirani waliomtania siku zile walikuja pia. Mmoja, yule wa lituma, alishindwa kuvuka kizingiti. Alikaa chini pale pale mlangoni akajifunika uso kwa kitenge.

Wanawake walilia kama inavyopasa. Mama hakulia. Aliketi katikati yao akiwatazama mmoja mmoja, na nilipomletea maji alinishika mkono akanivuta karibu.

"Siuoni uso wake," aliniambia sikioni. "Nimemsema sana. Kila siku nimemsema, yuko njiani, atakuja, atakula. Sasa namtafuta, namkuta tu yule niliyekuwa nikimsema. Wewe unaukumbuka?"

Picha zote ziliungua chini ya jiwe tulilolikalia. Nilitaka kumdanganya nikashindwa. Nilikumbuka harufu ya mafuta ya dizeli, na mguu wa suruali niliokuwa nikiushika. Uso, hapana.

Nilitoka nikamweleza baba mkubwa. Aliinuka, akaburuta kiti chake mpaka kwenye pazia, akakaa akiwa amelipa pazia mgongo, kama adabu inavyotaka. Wanawake wakanyamaza.

"Alikuwa na kovu hapa," alianza, akagusa nyusi yake mwenyewe ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. "Alianguka katika muwembe akiiba. Aliniambia niseme alipigwa na mbuzi. Nikasema mbuzi. Mama yetu akamutafuta ule mbuzi kijiji kizima."

Upande wa pili wa pazia kulitoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama yangu, nzito, ikipanda kutoka chini sana.

Baba mkubwa akaacha kusema.

"Endelea, shemeji," mama alisema.