Dawa ya Kuku Wazima

Juzi nilienda duka la dawa za mifugo mtaani kwetu kununua sumu ya panya. Mbele yangu mama mmoja aligonga kaunta kwa kidole.

“Kuku wanaugua nini?” muuzaji akamuuliza.

“Hawaugui. Huwa nawawekea dawa kwa maji wasije wakaugua. Lakini ile ya kawaida wameizoea. Nipe kali.”

Muuzaji akashusha pakiti. “Hii hata watu hupewa hospitalini.”

Nikavuka barabara hadi kliniki, ambako mpwa wangu alikuwa amelazwa akihara damu. Daktari alisema vijidudu vya tumboni mwake hutoka kwa kuku, na dawa za kawaida vimezizoea.

“Imebaki moja kali,” akasema, akaitaja.

Lilikuwa jina la ile pakiti. Mpwa wangu aliianza kesho yake asubuhi. Kuku walikuwa wameianza jioni ile ile.