Kiungo cha Mwanzi wa Mama

Mwezi uliopita tulibomoa jiko la bibi. Fundi akiwa juu ya paa akaniuliza, "Dada, hii fimbo ya nani?" Akaniteremshia. Nilipoishika tu, machozi yakanitoka. Fimbo gani! Ulikuwa mwanzi wa mama wa kuvulia samaki.

Mama alitoka kisiwani, baba akamleta kwetu jirani na bwawa la Manchira, kwa watu wa ng'ombe. Ugali wa mtama na maziwa mgando vilikuwepo tele, lakini vilimshinda, yeye aliyezoea samaki. Alikonda. Nilimsikia akimwambia baba, "Nirudishe kwetu, huku sipawezi." Mtoto mimi nikawa kila nikitoka shule nachungulia kwanza kama nguo zake bado ziko kambani.

Baba akamtafutia mwanzi mrefu akavue bwawani. Kumbe jirani yetu alikuwa anatazama. Jirani yule alikuwa na mdomo! "Jamani, hawa wameoa korongo, ndege mla samaki!" Boma zima likacheka. Mama akaurudisha mwanzi nyuma ya jiko, hakuugusa tena.

Bibi, yaani mkwe wake, hata harufu ya samaki ilikuwa inamfukuza jikoni. Lakini maneno ya jirani yalimuuma. "Ukate vipande viwili," akasema. "Kirefu kinaonekana, kifupi kinafichika." Mama akaukata, akachonga mwisho wa kipande cha juu uingie kwenye tundu la cha chini, akakaza mdomo wa tundu kwa uzi wa gunia. Samaki wa kwanza alivuta mara moja tu, tundu likapasuka, kipande cha juu kikaondoka naye. Mama alirudi na nusu ya mwanzi, akakaa chini akalia bila kujificha. Siku hiyo nilijua anaondoka.

Bibi hakumbembeleza. Alimtuma baba kutafuta mwanzi mwingine, yeye akaenda kuchukua ukano wa ng'ombe, ule mshipa mgumu wa mguuni aliokuwa anautunza kwa kushonea vibuyu vya maziwa vilivyopasuka. Akaulowesha, akauchana nyuzi nyuzi, akauzungusha ukiwa mbichi kwenye mdomo wa tundu jipya, huku anaukaza kwa meno. Ulipokauka ukabana kama pete. Akaupaka nta usiingie maji.

"Ng'ombe hamwachii samaki," akasema, na mama akacheka. Wee! Nilikuwa nimeusahau mcheko wake.

Kesho yake bibi alishika kipande cha chini kama mkongojo, cha juu mama akakiviringisha ndani ya mkeka. Tukapita uani kwa jirani.

"Shikamoo mama, mnakwenda wapi?" jirani akamuuliza bibi.

"Marahaba. Tunatembea tu."

Bwawani bibi alikaa mbali, akiupa upepo mgongo, kajifunika pua kwa kitenge. Samaki hakuwahi kumwonja mpaka anakufa, lakini kila Jumamosi alimsindikiza mkwewe. Nguo za mama hazikuondoka kambani.

Sasa wote wawili wamelala nyuma ya migomba, kaburi kwa kaburi. Jirani naye alishatangulia, na siku hizi hakuna anayeshona kibuyu, maziwa tunaweka kwenye madumu.

Fundi alitaka kuvichomoa vipande viwili vya mwanzi ili viingie kwenye gari langu. Akavuta, akapumzika, akavuta tena. Ukano wa bibi haukuachia.

"Acha, kaka," nikamwambia. "Hivi vimeshazoeana."

Nikashusha kioo, nikauweka hivyo hivyo, ncha ikiwa nje, mzima, kila mtu auone.