Theluji Kwenye Mgodi wa Babu Zola

Mtanicheka nikisema enzi zetu, maana hata miaka ishirini na miwili sijatimiza. Lakini sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Berea, huku Sauzi, tunajua jinsi mambo yalivyobadilika upesi. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujazaliwa, kwa hiyo tulicheza diketo ngazini, vijiwe vikirushwa na kudakwa huku wakubwa wakituruka na mifuko yao ya unga. Asubuhi za baridi Mama alitupaka mafuta ya mgando mpaka tunang'aa kama maandazi, kisha tunashuka kwenda shule tukitoa moshi mdomoni na kujifanya watu wazima wavuta sigara. Jioni korido nzima ilinukia bukari, yaani ugali wetu, na samaki wa kukaanga. Watoto wa siku hizi baridi ikiingia wanajifunika blanketi pamoja na simu, hadi unasahau kama wamo nyumbani.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Babu Zola na mkewe, Mama Asha. Babu alikuwa Mxhosa aliyekimbilia Tanzania ujanani, wakati wa kupigania uhuru. Aliishi Morogoro miaka mingi, akaoa huko, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi watoto wa wazazi waliotoka Lubumbashi. Nikisema "batu", ananikatiza: "Watu, mjukuu wangu. Watu." Papa alipenda kusema kwamba ametembea nchi nne na hakutegemea kuja kusahihishwa Kiswahili na Msauzi.

Majira ya baridi ya mwaka 2016, nikiwa na miaka kumi, redio ilitangaza kwamba theluji imeanguka milimani, huko Rasi ya Mashariki. Jumapili ile Babu alikuja kwetu na mkewe, akakaa muda mrefu bila kugusa chai. Hatimaye akamwambia Papa kwamba milima hiyo ndiyo kwao. Baba yake alichimba makaa ya mawe huko, kwenye mgodi uliofungwa zamani.

"Kuna chumba walichochukulia taa kabla ya kushuka chini," alisema. "Baba aliacha alama yake ukutani. Nataka kuiona kabla miguu haijanikatalia kabisa."

"Mwaka mzima ulikuwa na jua," Mama Asha akamwambia. "Umeona uchague wiki ya theluji?"

"Siku ya mwisho niliyomsindikiza kazini kulikuwa na theluji," Babu akajibu.

Papa alikuwa fundi cherehani, ana kibanda Doornfontein. Aliwahi kuona kwenye kalenda picha ya watu wanaotembea juu ya theluji kwa viatu vipana kama nyungo. Basi akakata vikalio vya viti vibovu, vile vilivyosukwa kwa henzirani, akavishonea mikanda ya mabegi. Zikatoka jozi tatu: ya Babu, yake na yangu. Tulivijaribu kwenye korido, majirani wakatoka kutazama. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Mutu muzima," alisema, "unavaa kiti kwenye miguu."

Tulisafiri siku nzima kwa pikapu ya kuazima, mimi katikati, nimebanwa na makoti mawili. Tukalala kwa mpwa wa Babu, na asubuhi tukaanza kupanda. Sikuwahi kuona weupe kama ule. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa viatu vyetu, kwarakwacha, kwarakwacha, na pumzi ya Babu. Pale ambapo ng'ombe walizama hadi magoti, sisi tulielea. Papa alijisifu njia nzima.

Lakini pumzi ya Babu ilizidi kuwa fupi. Tulipofika kwenye jiwe kubwa, akaketi akashika kifua.

"Nendeni ninyi," alisema. "Mkaone, mje mniambie."

Magofu hayakuwa mbali. Bomba moja la moshi lilikuwa limesimama, na kuta chache zisizo na mabati. Papa alikitambua chumba cha taa kwa maelezo ya Babu, lakini ukuta ule ulikuwa umelala chini, umekuwa rundo la matofali chini ya theluji. Tulifukua kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Hatukuona kitu.

Tukiwa tunarudi nilimwona Babu kwa mbali, ameinua shingo, anatungoja. Moyo ukanishinda. Kabla Papa hajafungua mdomo, nikasema, "Babu, nimeliona. Jina la baba yako lipo."

Papa alinitazama, akakung'uta theluji mikononi.

"Limeandikwa vizuri?" Babu akauliza.

"Vizuri sana. Herufi kubwa."

Babu akanivuta, akanifunika kwa koti lake. "Baba hakujua kuandika, mjukuu wangu," alisema polepole. "Alichora pembe za ng'ombe."

Nililia kwa aibu. Hakunikaripia. Alinifuta makamasi kwa skafu yake, akamwambia Papa, "Huyu amenihurumia. Haya, ninyanyueni. Nitafika mwenyewe."

Tulichukua karibu saa nzima kwa mwendo ambao mimi na Papa tuliumaliza kwa dakika kumi. Papa alimshika kwapa moja, mimi nilimshika mkono, tukisimama kila baada ya hatua chache. Alipofika hakuutafuta ukuta. Alisimama palipokuwa na mlango.

"Hapa ndipo aliponiambia nimngoje," alisema. "Akitoka, ananipa mkate uliobaki. Anausaza makusudi, ila anasema ameshiba."

Kisha akavua kofia, akamwita baba yake kwa jina la ukoo, akasema naye Kixhosa muda mrefu. Nilimnong'oneza Papa, anasema nini? Papa akajibu, "Anamusalimia." Naye macho yake yalikuwa yamelowa.

Babu alifariki miaka mitatu baadaye, Mama Asha akarudi Morogoro. Mlango ule sasa una wapangaji ambao hata majina yao siyajui, na ngazini hakuna anayecheza diketo. Mdogo wangu ana miaka tisa. Kiswahili anakielewa, ila hunijibu Kiingereza. Theluji ameiona sana, kwenye simu.

Juzi nilimsimulia safari ile. Alisikiliza kwa sikio moja, halafu akavua visikizio, akakaa vizuri, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Na sisi tutaenda lini?"

Nikajiuliza nani atatuongoza. Goti la Papa siku hizi halimruhusu hata kushuka ngazi, na mimi siku ile nilikuwa mtoto niliyebanwa kati ya makoti mawili. Njia sikuitazama.